Mwalimu Aliyesafiri na Mawe

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayefundisha mpira na watu wameanza kumsifu, soma haya kabla mjumbe hajakaa kwenye mkeka wako. Akishakaa umechelewa. Kwangu amekaa mara mbili. Mara ya kwanza alikuja kumchukua mume wangu, mara ya pili akaja kumchukua mwanangu, na katikati ya mara hizo mbili mimi nimezeeka na yeye hajaota hata mvi moja. Viatu ni vilevile, vyeusi, havina vumbi, na kwetu hakuna njia isiyo na vumbi. Jina lake Kaluta. Alisema, "Shikamoo mama," kwa adabu kabisa, nami nikaitikia marahaba, na ile sauti nikaitambua.

"Tumemfuata Mwalimu," akasema.

"Mwalimu alishakufa," nikamwambia.

"Huyo mwingine."

Huyo mwingine ni Zubeiri, mwanangu wa pekee, kocha wa timu ya mji wetu. Alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, na kabla sijageuka nilishajua usoni kwake kuna nini. Nilishauona uso ule kwa baba yake. Hapo nikapotea kidogo. Sikujua niko siku gani, kama ni leo anaondoka mtoto au ni ile siku anaondoka mume, na kama yule wa meno ya utoto ndiye huyu mwenye ndevu anayesema, "Karibu Bwana Kaluta, kaa." Mkeka ulikuwa mmoja na chai ilikuwa ileile. Kwetu siku hazina adabu, zinaingiliana kama watu kwenye msiba.

Hofu yangu ilikuwa moja, na naitaja mapema usije ukadhani ni nyingine. Sikuogopa mwanangu ashindwe mechi. Mtu anafungwa mabao, anakula, analala, kunakucha. Niliogopa aende huko nirudishiwe mtu mwingine ndani ya shati lake.

Nilikuwa na sababu. Lakini kwanza nikwambie habari za uwanja, maana bila uwanja hutanielewa, utasema mama huyu ana wivu na bahati ya mtoto wake.

Uwanja wetu ulikuwa unaota mawe. Sina namna nyingine ya kulisema. Jioni mnauacha safi kama sinia, kesho yake mawe yametokeza, mengine makubwa kama yai la bata, mengine madogo kama jino la mtoto, yanachungulia kwenye majani kana kwamba ardhi ilikuwa na uchungu ikajifungua bila kumwita mkunga. Wazee wa kwanza wa mji walitaka kuhama. Waliowafuata wakaleta mtu wa dua, akasoma, akala, akaondoka, mawe yakaota. Ndipo watu wakaamua kuokota, basi.

Kila siku kabla ya mazoezi wachezaji walivua viatu, wakajipanga mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, wakaenda polepole kutoka goli hili hadi goli lile, wameinama, kila mtu anaokota lililo mbele ya miguu yake na kulitia kwenye pindo la jezi. Na hawakuwa wachezaji peke yao. Fundi baiskeli alikuwamo. Bi Mwantumu, jirani yangu muuza maandazi, alikuwamo na kanga yake imejaa mawe. Mimi nilikuwamo na tumbo langu la Zubeiri, nainama kwa shida, wananicheka. Jambo lile tuliliita kuokota, halikuwa na jina la heshima zaidi ya hilo. Na hakuna aliyecheza bila kuokota, hata awe na miguu ya dhahabu. Katikati ya mstari alikuwa mume wangu Shomari, kocha, ambaye mji mzima tulimwita Mwalimu ingawa chaki hakuwahi kuishika.

Nikikaa sasa hivi nikafumba macho, sioni makombe. Naona migongo. Jua la alasiri limetandaa juu ya migongo ile, majasho yanang'aa, na chini yake sauti zinapita. Sijui ni kwa nini, lakini mtu akiwa ameinama anasema mambo ambayo akisimama hayasemeki. Labda kwa sababu haoni uso wa mwenzake, anaona vidole tu. Labda damu inateremka kichwani inasukuma maneno. Nimelifikiri sana jambo hili nikichambua mchele, nikifua, nikisubiri maji yachemke, na kila nikilifikiri naliona kubwa zaidi ya mpira.

"Pazi," namsikia Shomari anamwambia kipa wake, "mbona leo unaokota kama bibi harusi?"

"Mgongo, Mwalimu."

"Mgongo au mke?"

Mstari mzima kicheko. Pazi akaokota, akaokota, halafu akasema polepole, "Kahamia kwa mama yake."

"Basi leo usidake," Mwalimu akasema bila kumtazama. "Kaa nje upumue. Tukimaliza tunakwenda wote kwa mkweo. Mimi nitasema, wewe utakohoa tu."

Na walikwenda. Na mke alirudi. Na Jumapili Pazi alidaka kama ana mikono ya mtu aliyesamehewa.

Au Bi Mwantumu, na mdomo wake usiolala: "Mwalimu, huyu winga wako wa kushoto anakuficha. Mtazame anavyokanyaga, kidole kimevimba kile."

"Bi mkubwa, unanichongea!" winga analalamika.

"Nakuchongea ndiyo. Ukivunjika nani atakopa maandazi yangu?"

Basi hivyo ndivyo Shomari alivyoijua timu yake. Hakuwa na ubao wa kuchorea mishale. Alijua nani ana njaa, nani kagombana na nani, nani anaogopa kupiga kichwa, nani mama yake mgonjwa. Siku ya mechi alisimama pembeni, mikono nyuma, kimya kabisa, na timu ilicheza yenyewe kama maji yanayojua bondeni ni wapi. Timu za wageni zilipofika zilitukuta tumeinama, zikacheka, zikauliza kama tumeangusha hereni. Wakija kucheza wanatazama chini wasijikwae, wetu wanatazama mbele. Tulishinda. Tukashinda tena. Ligi ilikuwa inakuja kwetu kama mbuzi anayejua zizi lake. Kombe la kwanza tulilipanga dirishani kwa heshima. Hayo mengine Bi Mwantumu alipimia unga.

Sasa niambie, ushindi ule ulikuwa wa nani?

Wa Shomari, tulisema. Tulimwimbia yeye. Na yeye, masikini, aliusikia wimbo akauamini, maana nani ataimbiwa na mji mzima akatae? Lakini mimi nilikuwa namwona nyumbani. Nyumbani alikuwa mtu wa kawaida, anasahau ndoo kisimani. Nilijiuliza, ule uwezo anautoa wapi akifika uwanjani? Uko ndani yake kama moyo ulivyo ndani yake, ukimhamisha unahama naye? Au uko pale kwenye mstari, kati ya mgongo na mgongo, na yeye ni mlango tu unaopitia? Mlango ukiung'oa ukaubeba mbali ukausimamisha porini, unafungua nini? Nilijiuliza, sikumuuliza. Alikuwa na furaha.

Kaluta wa mara ya kwanza alikuja kutazama mechi. Hakufika mapema. Angefika mapema angetukuta tumeinama, labda angeelewa. Alifika mpira umeshaanza, akamwona mtu mmoja amesimama kimya na timu inashinda. Akadhani ule ukimya ndio dawa. Akaununua.

"Mwache aende, Mama Zube," Bi Mwantumu aliniambia. "Mwanamume ukimzuia asiitwe, atakununia mpaka uzeeni. Kila chumvi ikizidi, kosa lako."

"Na asipoweza huko?"

"Mpira si mpira? Kuna mahali una pembe?"

Nikamkunjia nguo. Yeye akatoka uani na gunia.

"La nini hilo, Baba Zube?"

"Mawe."

"Mawe!"

"Wao hawana, nimeulizia. Sasa wataokota nini?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, lakini niliona ana hoja. Mji mzima tuliona ana hoja. Hilo ndilo kosa letu, si lake peke yake: tulikusanyika uwanjani tukamsaidia kuchagua. Hili hapana, lina ncha, litawaumiza wageni. Hili zuri, la mviringo, mpe. Fundi baiskeli alileta jiwe alilookota siku ya kombe la kwanza akalibusu akalitia guniani. Tulikuwa watu wenye busara zetu, hakuna hata mmoja aliyesema kwamba sisi hatukuwa tunayapenda mawe. Tulikuwa tunayatoa.

Mji ule mkubwa sikuambii jina, haujitaji wenyewe. Watu wake wanauita Hapa. Majani ya uwanja wao yamelala upande mmoja kama yamepigwa pasi, na mchana wake hauishi, kuna taa zinazopokea jua likizama, kwa hiyo mtu hajui ni saa ngapi isipokuwa kwa njaa. Na mwaka wao si kama mwaka wetu. Kule mwaka unaanza kocha akiajiriwa na unaisha kocha akifukuzwa. Akikaa sana, mwaka mrefu. Akikaa wiki, watu wanaaga mwaka baada ya wiki, wanapeana heri, wanatundika kalenda mpya yenye picha ya kocha mpya. Nilimfuata mume wangu nikasema nitakaa naye mwaka mmoja, nimpikie mpaka azoee. Zubeiri nilimwacha kwa Bi Mwantumu, meno yake ya utoto ndiyo kwanza yanalegea.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilikuwa nimekaa jukwaani na vyombo vya chakula mapajani. Shomari alitawanya yale mawe kwenye majani yaliyopigwa pasi, kwa mkono wazi, kama mtu anayepanda. Halafu akavua viatu, akasimama katikati, akasema, "Haya wanangu, tuokote."

Wachezaji walisimama, mikono kiunoni.

"Tuokote nini, Mwalimu?" nahodha akauliza.

"Hayo mawe."

"Si umeyamwaga wewe mwenyewe sasa hivi?"

"Ndiyo."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwalimu, huku kuna watu wa kazi hiyo," mwingine akasema, "Acheni, labda ni mazoezi ya kiuno," wakacheka, wakainama. Tena waliokota haraka sana, kuliko sisi, wamevaa glavu, wanarushiana. Lakini niliwatazama kwa makini, na vyombo vikanipoa mapajani. Waliinama kila mtu peke yake. Mstari ulikuwepo, umenyooka kama uzi, na hakuna neno lililopita ndani yake. Shomari aliinama katikati akangoja. Nilimwona sikio lake limekaa tayari. Alingoja mtu aseme mke kahama, mtu aseme kidole kimevimba. Alifika goli la pili akiwa ameinama, wenzake wamesimama zamani wanakunywa maji.

Jiwe moja lilibaki kwenye majani. Mshambuliaji wao bora aliliangukia akaumia goti.

Basi. Jukwaa zima likampa jina, Mwalimu Mawe. Walikuwa wanaimba, na mimi niko katikati yao: "Mwalimu Mawe, kajenge nyumba! Mwalimu Mawe, kajenge choo!" Mwanamke aliyekaa karibu nami alikuwa anacheka machozi, akanipa ubuyu, hakujua mimi ni nani.

"Baba Zube," nilimwambia, "hawa si wale."

"Mpira ni uleule, Mama Zube. Wa duara."

"Mpira ni ule, miguu siyo."

"Nitawafundisha kuinama."

"Kuinama wanajua. Ulichokuwa nacho si kuinama."

"Nilikuwa na nini?" akaniuliza, na hakuwa anabisha. Aliuliza kama mtu anayepapasa mifuko. Mimi nikashindwa kumjibu, maana ukisema "ulikuwa na sisi" inaonekana kama unajisifu.

Mwaka ukaisha. Walipeana heri, wakatundika kalenda nyingine.

Nje ya uwanja ule kuna baraza ndefu, na makocha waliokwisha kufukuzwa wanakaa hapo. Nilipita nikawasalimia kwa sababu mume wangu alikuwa ameshakaa nao bila kuniambia. Wote walikuwa na vitu. Mmoja alikuwa amepakata debe la maji ya mto wa kwao, kwa sababu kwao timu ilioga mtoni kabla ya mechi. Mmoja alikuwa na ngoma isiyo na mpigaji. Mmoja alikuwa amebeba mlango, mlango mzima wa mbao, na hakueleza. Kila mmoja alishinda sana mahali fulani. Kila mmoja alikuwa anasimulia na hakuna aliyekuwa anasikiliza, na kadiri walivyosimulia nyuso zao zilifanana, mpaka nikamshika mkono mtu nikamwambia, "Baba Zube, inuka tuondoke," akanijibu kwa upole, "Mimi si wako, dada, wako ni yule."

Nikamchukua wangu. Nilitazama mara mbili.

Tuliporudi, kijana mwenye ndevu alitupokea mizigo. Nikamuuliza Zubeiri yuko wapi. Akasema, "Ni mimi, mama." Mwaka mmoja wa kule. Meno aliyoyang'oa sikuyaona, sauti yake ilipovunjika sikuisikia. Bi Mwantumu alikuwa amepinda mgongo, akasema, "Mmekawia, chakula kimepoa," akaingia ndani kulia peke yake.

Mji ulimrudishia Shomari timu siku ileile. Nani angekataa? Tulivua viatu, tukajipanga, jua likatandaa juu ya migongo, na mimi nikasema moyoni, sasa kila kitu kitarudi. Akaanza, "Pazi, mbona leo unaokota kama bibi harusi?"

"Samahani, Mwalimu," Pazi akasema, akaongeza kasi.

Unaona? Hakutania. Wote walikuwa wanaokota kwa bidii, kimya, kila mtu anataka Mwalimu amwone. Alikuwa ametangazwa redioni. Alikuwa amesimama kwenye majani yaliyopigwa pasi. Zamani waliinama naye, sasa walimwinamia. Na yeye mwenyewe alikuwa anasikiliza kwa nguvu mno, kama mtu anayelazimisha usingizi. Tulifungwa kwetu, juu ya mawe yetu. Hakuna aliyemfukuza. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akaanza kufifia. Kwanza kivuli chake kikawa chepesi, halafu kanzu ikawa inaning'inia, halafu ikawa namwita chakula nasikia sauti tu kutoka kitini, "Nakuja." Siku moja niliita sikusikia. Tukazika kanzu.

Zubeiri alipokea timu kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Hakusema kitu. Aliingia kwenye mstari pembeni kabisa, si katikati, akaokota kama wenzake, siku, miezi. Mpaka jioni moja kijana mmoja akatoa utani wa kipuuzi juu ya sehemu za nyuma za fundi baiskeli, fundi akajibu kwa tusi la zamani ambalo nilikuwa nimelisahau, na mstari mzima ukaangua kicheko. Nikasimama, nikashika kiuno, nikajifanya napumzika. Nilikuwa nalia. Sauti zilikuwa zimerudi. Mwanangu alijua yote, nani ana njaa, nani kaachwa. Tukashinda. Nikasema, Mungu amenirudishia, na huyu simwachii mtu.

Ndipo Kaluta akakaa kwenye mkeka.

"Usiende," nilimwambia Zubeiri, mgeni akiwa uani ananawa. "Umemwona baba yako. Kitu hiki hakibebeki."

"Najua, mama."

"Sasa?"

"Baba alikosea kubeba. Mimi sibebi kitu."

"Hata nguo?"

"Hata nguo. Nitafika mtupu. Watakavyokula nitakula, watakavyocheka nitacheka. Wakisimama nitasimama. Sitawaambia kwetu tunafanyaje, hata mara moja."

"Na wewe mwenyewe je?"

"Mimi mwenyewe nini?"

"Utakuwa wapi, wewe, muda wote huo?"

Akanishika bega, akatabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyekwisha kutoka nje ya mlango. "Mama, unataka nishindwe kama baba?"

Ningejibuje? Nikasema hapana. Nikampigia shati pasi hata hivyo, nikalikunja, akaliacha kitandani.

Redio ya Bi Mwantumu ndiyo iliyonieleza mengine. Ameshinda. Ameshinda tena. Mwaka wa kule ukawa mrefu, mrefu, watu wakasahau kubadili kalenda. Mji wetu ulisherehekea, vijana walipiga madebe, na mimi nilipiga kigelegele pamoja nao, mama wa kocha, nani asingepiga? Lakini kila bao lililoingia nilihisi kitu kinatoka. Sauti yake redioni ilikuwa inabadilika. Kwanza alipoteza ile namna yetu ya kuvuta maneno. Halafu akaanza kucheka kicheko kifupi ambacho si cha ukoo wetu, si cha upande wangu wala wa baba yake. Halafu mtangazaji akamuuliza, "Mwalimu, mashabiki wanataka kujua, asili yako ni wapi?" na mwanangu akajibu bila kusita, bila dhambi, kama mtoto anayetaja rangi ya mbingu, "Hapa."

Nilianza kuomba afungwe. Ndiyo, mama mwenzangu, niliomba. Bao moja tu, Mola wangu, goti moja, jiwe moja kwenye majani. Waimbe wamfukuze. Nimkute barazani amepakata chochote, hata mlango.

Maana nilikuwa nimeelewa, nimechelewa kama kawaida yangu. Wale wa barazani, na mume wangu pamoja nao, tuliwaita walioshindwa. Walishindwa kwa sababu ndani yao kulikuwa na mtu aliyekataa kutoka. Mji ule uliwaita, akaja kocha, na nyuma ya kocha akaja mtu na mto wake, mtu na mstari wake, mtu na mawe yake, na nafasi ilikuwa ya mmoja. Mwanangu alimwambia yule mtu abaki. Na kweli alibaki, lakini alibaki wapi? Nimemtafuta. Nimetafuta uwanjani nikiwa nimeinama, nimetafuta chumbani kwake. Mtu akiachwa njiani hakai kungoja kama begi.

Zubeiri alikuja mwaka huu, mchana, hakutanguliza salamu. Anatafuta winga, alisema, amesikia huku kuna winga mzuri wa kushoto. Majirani walimletea huyo winga mlangoni kwangu kwa sababu ndipo wageni wanapokaa. Nilikuwa napepeta mchele. Nikaona mtu mzima, mzuri, mwenye shavu lililojaa, mgongo umenyooka kama wa mtu ambaye hajawahi kuinama. Nilitaka kumrukia. Nikabaki na ungo mkononi.

Alikaa. Nikampikia wali, nikamkaangia samaki na bilinganya, nikakaa mbele yake nikimtazama anavyokula. Alikula kwa adabu, akaacha kidogo sahanini, kama wanavyoacha watu waliofundwa kula kwenye nyumba za watu.

"Chakula kitamu sana," akasema. "Mna ukarimu hapa kwenu."

"Tunashukuru."

Akanawa mikono. Alikuwa na muda, winga alikuwa amekwenda kuaga kwao. Akatazama kuta, akanitazama mimi, kwa huruma ile ya mtu mwema anayetafuta la kuzungumza na kikongwe.

"Mama, umejaliwa watoto?"

"Mmoja."

"Yuko wapi?"

"Mbali. Anafundisha mpira."

"Ah!" Uso ukamchangamka. "Kumbe sisi ni watu wa kazi moja. Anafaulu?"

"Anafaulu," nikasema. "Anafaulu sana."

"Hongera mama. Umelea."

Winga akaja na kifurushi chake. Nikainuka, nikawasindikiza mpaka barabarani, kama tunavyomsindikiza mgeni yeyote, nikampa mkono mwanangu, nikamwambia karibu tena.